Leseni za bekapu kwenye klasta: VM ikihama hosti jobu inagoma, tujadili

mwenye_klasta

Wakuu habari za kazi.

Hili swali linarudi kila mara na majibu yanakuwa nusu nusu, ngoja nimwage lote hapa halafu mnikosoe.

Chukua klasta (seva kadhaa zilizoungwa zifanye kazi pamoja) ya hosti tatu, yaani seva tatu za chuma, kila moja soketi mbili za prosesa. VM, yaani mashine pepe, zinazunguka humo, hosti ikizidiwa mzigo klasta inahamisha VM kwa jirani wala haikuulizi. Sasa mtu ananunua programu ya bekapu inayotoza kwa soketi, anabana bajeti anasema hosti ya tatu ni ya akiba tu haina kitu cha maana, tuchukue soketi nne. Mambo yanaenda, ripoti kijani tupu, bosi anafurahi. Kisha usiku mmoja hosti ya kwanza inafanyiwa apdeti, VM zake zinasambazwa, ya databezi inaangukia kwenye ile ya tatu. Asubuhi jobu (kazi ya bekapu iliyopangwa) imegoma, ukifungua logi unaambiwa hosti hii haina leseni. Diski nzima, mtandao mzima, stoo ina nafasi, bekapu imekataa tu kuanza. Mbaya zaidi kama umezipanga VM zote kwenye jobu moja, zingine zote zinapita na moja tu ndo imerukwa, na kuna programu zinaandika kwenye barua pepe kwamba jobu imekamilika na onyo, sasa niambieni nani anasoma maonyo saa mbili asubuhi.

Leseni ya soketi inahesabu chuma. Unachotaka kulinda wewe ni VM, na VM kwenye klasta haina kwao. Ni kama kulipia viti wakati abiria wanahamahama njia nzima. Kwa hiyo ukishachagua soketi, hesabu ni soketi zote za hosti zote ambazo VM hiyo inaweza kufika, hata zile ambazo leo hazina kitu. Hakuna ujanja hapo.

Ukiacha soketi kuna leseni zinazohesabu VM yenyewe au tuseme mzigo, hizo hazijali hosti. Kuna zinazohesabu ukubwa wa data unayolinda kwa terabaiti kabla haijabanwa, hizo nazo hazijali hosti ila zinakula hela kila databezi ikinenepa. Na kuna zinazotoza kwa seva ya bekapu basi, ndani ulinde VM ngapi ni juu yako.

Lakini wakuu hiyo ya bekapu kukataa ndo shida ndogo. Inapiga kelele, unaiona, unarekebisha siku hiyo hiyo. Inayoumiza ni leseni ya vitu vilivyomo NDANI ya VM, mfumo wa uendeshaji, databezi, programu ya uhasibu, zile za uhandisi. Hizo bekapu yake inapita vizuri miaka yote, zinakuja kugoma siku unarudisha. Yaani siku ambayo hosti imekufa na watu wamesimama nyuma ya kiti chako ndo programu inakwambia mashine hii siitambui.

Karibuni. Mwenye uzoefu aweke nyama.

jobu_nyekundu

Naweka kambi hapa, hii imenikuta kama ilivyoandikwa.

Mimi niliyemkuta kazini alitatua kwa kufunga VM kwenye hosti zenye leseni, kanuni ya klasta kwamba VM hizi zikae kwenye hosti hizi mbili tu. Jobu zikarudi kijani.

mwenye_klasta

Mkuu hapo angalia sana ni kanuni ya aina gani. Kwenye vSphere, mfumo wa VMware wa kuendesha klasta, kuna kanuni ya LAZIMA na kanuni ya IKIWEZEKANA. Ukiweka lazima, siku hosti zote mbili zikilala klasta haitaiamsha VM kwenye ya tatu hata kama ina nafasi tele, maana HA, ile inayoamsha VM upya hosti ikifa, nayo inaiheshimu hiyo kanuni. Umelinda bekapu umeua kilichokufanya ununue klasta. Ukiweka ikiwezekana, siku ya shida VM inahamia ya tatu na kuendelea kufanya kazi, bekapu ndo itagoma mpaka uirudishe kwao. Kati ya hizo mbili mimi nachukua ya pili bila kufikiri, huduma ikae juu, bekapu ya usiku mmoja tutaitafuta.

Ila kama kuna hela, nunua soketi zilizobaki uachane na huo mchezo.

mzee_wa_raki

Vijana soketi zinapitwa na wakati, wauzaji wengi wameenda kwenye kuhesabu mzigo. Veeam kwa mfano walileta leseni yao ya jumla 2019, unanunua idadi ya mizigo, VM moja inakula moja, ihame hosti, ihame hata haipavaiza (programu inayoendesha VM kwenye hosti), leseni inaifuata. Kwenye klasta ndogo yenye VM chache inakuwa na faida, kwenye hosti chache zilizoshiba VM mia mbili soketi ilikuwa nafuu mno na ndo maana watu walilia.

Sasa mtego wake. VM inahesabiwa kama imefanyiwa bekapu ndani ya siku 31 zilizopita. Kwa hiyo ukiwa na jobu inayochukua folda nzima au klasta nzima, kila VM ya majaribio mtu anayoiumba Jumatatu na kuifuta Jumatano inakula leseni yako mwezi mzima ilhali haipo duniani. Wale watu wa programu wakianza kuumba na kufuta utashangaa namba zinapaa na VM za prodakshen ni zile zile. Dawa ni mbili, jobu ichague kwa lebo badala ya folda, isiyo na lebo haiguswi, na ukiona VM imefutwa ingia kwenye dirisha la leseni uinyang'anye kwa mkono usisubiri siku ziishe.

Halafu toleo lao la bure linabeba mizigo 10, kwa wenye hosti moja au mbili za kujifunzia inatosha kabisa.

KijanaWaSeva

shikamoo mzee, swali la mjinga, mimi hosti zangu zina ESXi ya bure (haipavaiza ya VMware) na programu ya bekapu inakataa kabisa hata nikiweka leseni yake, inaniambia leseni ya hosti hairuhusu. Nimefuta nimeweka upya mara kibao

mzee_wa_raki

Marahaba. Acha kufuta, hutapata kitu. ESXi ya bure imefungiwa ile milango ambayo programu za bekapu hupitia kupiga snapshoti (picha ya VM ya wakati huo) na kusoma diski. Haihusiani na programu yako ya bekapu, leseni inayokubana ni ya hosti. Wala hutaweza kuiingiza vCenter inayosimamia hosti zote pamoja, kwa hiyo klasta yenyewe huna, una hosti zimekaa jirani.

Njia uliyobaki nayo ni kuweka wakala, programu ndogo ya bekapu, ndani ya kila VM, unaichukulia kama seva ya kawaida ya chuma, au uhamie haipavaiza nyingine.

nodi3

Ahamie tu. Broadcom walimaliza kuinunua VMware Novemba 2023, Desemba hiyo hiyo wakatangaza leseni za kudumu haziuzwi tena ni kulipa kwa muda, Februari 2024 wakaiondoa ESXi ya bure, Aprili 2025 wakairudisha na toleo la 8. Na hesabu sasa ni kwa kori (viini vya prosesa), prosesa yenye kori 8 unailipia kama ina 16. Mtu mwenye seva ndogo za zamani imekula kwake.

Mimi niko Proxmox, ni haipavaiza huria yenye leseni ya AGPLv3, bekapu imo ndani, klasta imo ndani, hakuna kitufe kilichofungwa eti mpaka ulipe. Usajili wanatoza kwa soketi lakini unalipia hazina ya apdeti zilizopimwa pamoja na msaada, usipolipa mashine inakupigia kelele ukiingia tu. Seva yao ya bekapu ilitoka toleo la kwanza 2020, unalipia kwa seva, VM ngapi au terabaiti ngapi hawaulizi.

jobu_nyekundu

@nodi3 nakubali ila sema na hili, ukitaka usajili kwenye klasta ya Proxmox nodi zote, yaani hosti, zinatakiwa ziwe za daraja moja. Huwezi kulipia nodi moja ya gharama ili upate msaada halafu zingine ziachwe bure. Watu wengi hawajui hili mpaka wafungue tiketi.

nodi3

Ni kweli mkuu. Sikatai.

dada_databezi

Mmekaa sana kwenye bekapu, mleta uzi amesema shida iko ndani ya VM na mmempita. Ngoja niseme upande wa databezi maana huko ndo hela ndefu iliko.

Oracle, wauzaji wa databezi. Wao wana waraka wao wa kugawanya mashine, na kwenye waraka huo vSphere wanaiweka kwenye kundi la mgawanyo laini, maana yake hawautambui kama njia ya kupunguza leseni. Kwa lugha nyepesi, haijalishi VM yako ina kori ngapi pepe, wao wanaangalia chuma ambacho inaweza kufika. Tufanye hesabu ya klasta ya mleta uzi, hosti tatu, soketi mbili, tuseme kila soketi kori 16. Hiyo ni kori 96. Prosesa za Intel zinazidishwa kwa 0.5, unapata leseni 48 za prosesa. VM yenyewe ina kori nne tu. Ungekuwa na mashine ya chuma ya kori nne ungelipa mbili.

Kuna ubishi wa kisheria hapo, ule waraka wenyewe unasema ni wa kuelimisha na si sehemu ya mkataba, na kampuni ya Mars iliwahi kuwapeleka Oracle mahakamani 2015 kwa sababu ya ukaguzi wa mambo haya haya ya VMware, kesi ikaishia njiani. Kwa hiyo usikubali kila unachoambiwa na mkaguzi, soma mkataba uliosaini. Lakini pia usijifanye mbabe kama huna mwanasheria. Wengi wanamaliza kwa kutenga hosti mbili ndogo kuwa klasta yake peke yake, na stoo yake peke yake, Oracle inakaa humo haitoki.

Na sasa linakuja la bekapu, hapa sikilizeni. Una klasta yako umetenga vizuri, umelipia. Unataka kupima bekapu kama inarudi, unairudisha kwenye klasta kubwa maana ndo yenye nafasi, unaiwasha. Umeshawasha Oracle kwenye chuma kisicho na leseni. Wao wanaruhusu kupima nakala za bekapu kwenye mashine isiyo na leseni mara NNE kwa mwaka, kila mara isizidi siku MBILI. Wale mliojipangia jobu ya kurudisha na kuwasha yenyewe kila wiki ili kuthibitisha bekapu, hesabuni wenyewe mko wapi. Ya kupima iwekeeni jobu yake, mtu aianzishe kwa mkono, aandike tarehe ya kuwasha na ya kuzima kwenye daftari la timu. Mkaguzi akija unamfungulia.

mwenye_klasta

Dada hapo umetoa somo. Hilo la jobu ya kuthibitisha yenyewe ndo nilikuwa nalitafuta, kila mwongozo wa bekapu unakwambia pima kila mara pima kila mara, hakuna unaokwambia kupima nako kunahesabika kama kutumia.

SQL Server ya Microsoft vipi?

dada_databezi

SQL ni afadhali ukiwa na ule mkataba wao wa Software Assurance, leseni inahama na VM kati ya hosti. Usipokuwa nao leseni imekaa na chuma, kuhamisha ni mara moja kwa siku 90.

Na wale wenye nakala ya pili inayosubiri. Zamani ukihamishia bekapu kwenye nakala ya pili ili kuipumzisha ya kwanza, ile ya pili ilikuwa haihesabiki tena kuwa imelala, unatakiwa kuilipia nzima. Kuanzia Novemba 2019 walilegeza, ukiwa na Software Assurance nakala inayosubiri inaweza kufanya bekapu na kukagua uzima wa databezi bila leseni ya ziada. Ukianza kuisomea ripoti za wateja hapo umeiamsha, lipia.

KijanaWaSeva

na windows seva yenyewe? mimi nilijua ukinunua toleo la Standard unaweka VM mbili basi imeisha

mwenye_klasta

VM mbili kwa hosti, mdogo wangu, na ni baada ya kulipia kori zote za hosti hiyo. Ukitaka mbili zingine unalipia kori zote upya. Na kwenye klasta leseni ya Windows Server hairuki na VM kwenda hosti nyingine kila usiku, nayo ina ile ya siku 90, isipokuwa chuma kimekufa kabisa. Kwa hiyo kila hosti inatakiwa iwe na leseni ya idadi ya juu ya VM zitakazowahi kukaa humo.

Piga hesabu uone. Hosti tatu, kila moja kori 32, VM 10 za Windows, na zote kumi zinaweza kuangukia hosti moja siku mbaya. Kwa Standard ni mafungu matano ya kori 32, yaani 160 kwa hosti, mara tatu ni 480. Kwa toleo la Datacenter ni kori 96 basi na VM ujaze utakavyo. Watu wanaikimbia Datacenter kwa bei ya kori moja bila kufanya hii hesabu. Tangu Oktoba 2022 kuna njia nyingine, kulipia kwa VM yenyewe kwa kori zake pepe, angalau 8 kwa kila VM na 16 kwa mteja, ila lazima uwe na Software Assurance au usajili wa kulipa kwa muda.

Na kwa wanaopima bekapu, VM uliyoirudisha kwenye mtandao wa pembeni na kuiwasha ni VM kamili. Kwenye Standard iliyojaa, hiyo ya majaribio ni ya tatu.

mzee_wa_raki

Niongeze uamilishaji. Wenye Hyper-V (haipavaiza ya Microsoft) na Datacenter wanaoweka ufunguo wa AVMA ndani ya VM, yaani VM inaamilishwa na hosti yenyewe, kumbukeni ufunguo huo unafanya kazi tu juu ya hosti ya Datacenter iliyoamilishwa. Ukiirudisha VM hiyo kwenye hosti ya Standard au haipavaiza nyingine inawaka vizuri tu halafu inaanza kulalamika. Wekeni ufunguo mbadala tayari kwenye waraka wa dharura.

Wa KMS, yaani seva ya ndani inayoamilisha Windows, VM inajihuisha kila siku 7 ikiiona seva ya KMS na ikikosa inavumilia siku 180. Sasa ukirudisha bekapu ya mwaka juzi kwenye mtandao wa pembeni usioiona KMS, usishangae ikiamka haijaamilishwa. Haijaharibika hiyo.

fundi_usiku

Mimi nina la aina nyingine na ndo limeniumiza zaidi ya hayo yote. Programu za uhandisi ambazo leseni yake ni faili limefungwa kwenye anwani ya MAC, ile namba ya kadi ya mtandao. Hosti ilikufa, tukairudisha VM kwenye klasta ya pili, ikawaka safi, IP ile ile, watu wakaanza kushangilia, seva ya leseni ndani yake ikakataa. Kuangalia, kadi ya mtandao imepewa MAC mpya. Tukapiga simu kwa mwenye programu kuomba faili jipya, ni Ijumaa jioni, wanafungua Jumatatu. Wahandisi wote wakakaa.

Kilichotutoa ni kwamba MAC ya zamani ilikuwa inaonekana kwenye faili la mipangilio ya VM lililomo kwenye bekapu, mstari mmoja tu, tukaichukua tukaiandika kwa mkono kwenye VM iliyorudishwa, ikafunguka.

Tangu hapo VM yoyote yenye leseni ya namna hiyo naipa MAC ya kudumu. Kwenye vSphere ukiweka kwa mkono iwe kati ya 00:50:56:00:00:00 na 00:50:56:3F:FF:FF.

nodi3

Pole mkuu. Kwa Proxmox ukirudisha kawaida MAC inabaki ile ile, inabadilika ukiweka chaguo la kufanya VM iwe ya kipekee. Kwa hiyo ukiwa unarudisha kwa ajili ya kupima huku ya asili iko hai, chagua ya kipekee au uikate mtandao, ukiwa unarudisha kwa sababu ya asili imekufa, usiliguse hilo kabisa.

Na kwenye vSphere ukiinakili VM faili kwa faili kisha ukaiwasha, inakuuliza umeihamisha au umeinakili. Ukijibu umeinakili inatengeneza UUID (namba ya utambulisho wa VM) mpya na MAC mpya, na leseni yako imekwenda na maji. Ya asili haipo tena? Jibu umeihamisha.

fundi_usiku

Hiyo ya swali tulijibu kwa mazoea siku hiyo, "nimeinakili", kila mtu hubonyeza hiyo.

Halafu msisahau vile vidude vya USB vya leseni. VM yenye kidude kilichochomekwa kwenye hosti moja, bekapu inabeba diski, kidude haibebi. Hosti ikiungua kimeungua nacho. Tumehamishia kwenye kisanduku kinachopeleka USB kupitia mtandao, VM iko hosti yoyote inakiona.

jobu_nyekundu

Mtu hapo juu aligusia wakala ndani ya VM. Kuna wakati ni lazima hata kama una leseni zote, VM mbili zinazoshiriki diski moja, klasta ndani ya klasta, snapshoti ya haipavaiza haiwezi kuzichukua diski za kushirikiana. Unaweka wakala kila upande na mara nyingi kila upande unahesabiwa leseni yake, hata ule uliolala. Ulizeni muuzaji awaandikie kabla ya kulipa, neno la simu halisaidii.

KijanaWaSeva

nimesoma yote. Sasa seva ya bekapu yenyewe ikifa? leseni yake ipo humo humo

mwenye_klasta

Swali zuri. Faili la leseni, nenosiri la kufungulia bekapu zilizofungwa kwa siri, na kifungashio cha toleo lile lile la programu, vitatu hivyo vikae nje ya klasta na nje ya seva ya bekapu. Na kabla hujasaini soma kipengele cha leseni ikiisha muda wake, programu inaacha kuchukua bekapu mpya tu au inazuia na kurudisha? Inayozuia kurudisha usiinunue hata wakipunguza bei nusu.

Naunganisha mafaili ya hesabu za soketi na kori kwenye posti ya kwanza, @dada_databezi naomba uyakague upande wa Oracle kabla watu hawajaanza kuyatumia.

dada_databezi

Nitayapitia jioni. Ile safu ya kori hesabu kori halisi, naona mtu ameweka nyuzi za prosesa na namba imekuwa mara mbili.